Kifute kwanza kabla hujakiamini

Barua za kripto, zile sarafu za mtandaoni kama Bitcoin, zimejaa mwezi huu, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimenunua au naletewa kile kifaa cha kulindia sarafu, haduwea waleti, sasa nahamishaje bila kuzipoteza njiani. Nimechagua nne. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu, na hizo nyengine mtaona zinairudia hiyohiyo.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi niko Kisauni, kazi yangu ni kliaringi pale bandarini Kilindini. Tangu 2020 nanunua Bitcoin kidogokidogo kwa kulipa na M-Pesa na yote iko kwa eksichenji, ile kampuni ya mtandaoni ninakoinunua. Ndugu yangu alieko Ujerumani anakuja mwezi ujao na amenichukulia haduwea waleti, ameiagiza kwa watengenezaji wenyewe. Sasa naogopa. Nimesikia ukikosea herufi moja pesa zimeenda, nimesikia kifaa kikipotea umekwisha, na rafiki yangu ananiambia bora niziache zilipo. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo hofu usiitupe, itakusaidia, ila tuiweke mahali pake maana saa hii unaogopa vitu ambavyo si vya kuogopwa sana na vile vyenyewe hasa hujavitaja.

Ya rafiki yako kwanza. Mtu mwenye shilingi elfu mbili tatu sina ugomvi nae, aziache tu huko. Lakini wewe umekusanya miaka, na ilioko kwa eksichenji si yako kamili, ni deni unalowadai wao. Watu wa eksichenji ya Mt. Gox kule Tokyo walikuwa wakiona salio zao kila asubuhi mpaka Februari 2014 wakaambiwa Bitcoin 850,000 hazionekani, laki mbili zikaja kupatikana baadae. Watu wa eksichenji ya FTX nao waliona salio zao mpaka Novemba 2022, na ilichukua siku chache tu kutoka minong'ono mpaka kampuni kutangaza imefilisika. Mie yalinipata madogo, eksichenji moja nliokuwa naitumia ilifunga kutoa pesa ghafla siku tisa, nikiandikia sapoti najibiwa na mashine, siku ya kumi ikafunguka kama hapakuwa na kitu. Zile siku tisa ndo nilielewa kwamba sikuwa na Bitcoin, nilikuwa na namba kwenye kioo cha simu.

Sasa kifaa. Hapa naomba usome mara mbili maana likikaa sawa kichwani mengine yote mepesi. Ndani ya kifaa hamna Bitcoin hata moja. Bitcoin ni daftari, lilianza kuandikwa Januari 2009, nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na mle daftarini imeandikwa adresi fulani, yaani kama namba ya akaunti, ina kiasi fulani. Kifaa kinatunza ufunguo wa kusaini kwamba mwenye adresi ndie anaetoa, basi. Fikiria M-Pesa yako, pesa haziko ndani ya simu, simu ikikutumbukia baharini pale kwenye feri ya Likoni unaenda kurudisha laini na salio unalikuta. Hapa ni hivohivo isipokuwa jambo moja zito: hakuna duka la kurudisha laini, hakuna kastama kea, hakuna kitambulisho cha kuonyesha. Badala ya hayo yote una maneno 24 ya siri unayopewa na kifaa, vifaa vyengine 12, vyengine 20. Kifaa kikipotea au kikiibiwa au kikiliwa na chumvi unanunua chengine, unaingiza maneno, kila kitu kinarudi. Maneno yakipotea na kifaa nacho kikafa, hapo ndo mwisho. Na mtu akiyaona hayo maneno hahitaji kifaa chako wala pini yako wala kuja Kisauni, anazichukua akiwa popote alipo.

Kwa hivo unacholinda ni maneno. Kile kifaa ni mlango tu.

Kikifika, hata kama kimetoka kwa ndugu yako wa damu, kiangalie. Kikiwaka mara ya kwanza kinatakiwa kiwe kitupu, kikuulize kama unaanza upya au unarudisha ya zamani. Anza upya. Programu yake ya laptopu au simu iteremshe kutoka tovuti ya mtengenezaji, na anwani ya tovuti uiandike mwenyewe kwa mkono, usibonyeze lile tangazo la juu ukitafuta, maana mwaka 2023 kulikuwa na programu bandia ya Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa hivi, ndani ya duka la programu la Microsoft lenyewe, watu waliiamini kwa sababu ya jina la duka na ikawaibia mamia ya maelfu ya dola. Ile ya kweli itakikagua kifaa kama ni halisi na pengine itataka kusasisha programu ya ndani, kubali, kifanyie hivyo sasa kikiwa hakina kitu.

Halafu kitakuchagulia maneno, moja moja kwenye kioo chake kidogo. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 ambayo kampuni nyingi zinaitumia hiyohiyo, ya Kiingereza, na hapa watu wetu wengi hukosea kwa sababu wanaandika walivosikia kichwani badala ya walivoona. Mle orodhani mna word, mna work, mna world, yote matatu, na ukiandika haraka kwa mwandiko wa kujiunganisha baada ya miaka mitatu hutojua ni lipi. Nakili herufi kwa herufi, kwa herufi zilizoachana, na kila neno lipe namba yake, maana maneno yaleyale kwa mpangilio mwengine si yako tena. Afueni iliopo ni kwamba herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jengine lolote mle ndani, hizo nne zikisomeka neno limepatikana.

Andika kwa kalamu. Usipige picha hata ya kufuta baadae, simu nyingi zinarusha picha kwenye kilaudi kabla hujairudisha mfukoni. Usijitumie WhatsApp, usijitumie imeli, usiyaweke kwenye noti za simu, usiende saiba ukaprintiwe. Funga mlango, simu iache chumba chengine, na watoto wawe wamelala. Nimeshaona mtu mzima mwenye akili zake anafanya kila kitu sawasawa halafu mwishoni anapiga skrinishoti "kwa usalama", na ile skrinishoti moja inakuwa imevunja kila kitu alichokifanya. Pini ya kifaa nayo iwe si mwaka wako wa kuzaliwa, na ujue Ledger ukikosea pini mara 3 inajifuta, Trezor, ya kampuni nyengine, nayo hivohivo ila inakupa mara nyingi zaidi. Ikijifuta usishtuke, maneno unayo.

Hapo sasa utume, na utume kidogo. Bonyeza kupokea, adresi itatokea kwenye laptopu na itatokea pia kwenye kioo cha kifaa, na ya kuaminiwa ni ya kwenye kifaa. Ndio kazi ya kile kioo. Laptopu inaweza kuwa na kirusi kimekaa kimya kinangoja ukopi adresi, ukipesti kinaweka ya mwizi na wewe huoni tofauti. Ile habari uliosikia ya kukosea herufi moja haiko hivo, adresi ya Bitcoin ina hesabu ya kujikagua ndani yake, ukikosea herufi karibu kila mara itakataliwa papo hapo kwamba si adresi. Inayomaliza watu ni adresi kamili, sahihi, isipokuwa ni ya mtu mwengine. Ukishapesti kwa eksichenji isome ukilinganisha na kioo cha kifaa, herufi kama sita au saba za mwanzo, sita za mwisho, na chache za katikati, na usiridhike na ule mwanzo wa bc1q peke yake maana hata adresi ya mwizi inaweza kuanza hivohivo.

Eksichenji nyingi zinakata ada ileile ya kutoa uwe unatoa kidogo au unatoa zote, kwa hivo jaribio hili litakufanya ulipe ada mara mbili. Lipa. Halafu subiri, bloku moja ya Bitcoin, yaani ukurasa mmoja wa lile daftari, ni wastani wa dakika 10 lakini wastani tu, saa nyengine 2 na saa nyengine 40, na eksichenji yenyewe inaweza kushikilia adresi mpya kwa muda, baadhi saa 24 kamili. Ukiona bado inasubiri usitume tena kwa wasiwasi. Jengine, ukirudi kesho kwenye programu utaona inakupa adresi tofauti na ya jana, watu wananiandikia kwa kelele kwamba wamedukuliwa, hamjadukuliwa, ndio kawaida yake na ile ya zamani bado ni yako.

Imefika? Sasa fanya kitu ambacho watu tisa kati ya kumi ninaowajua hawajakifanya na mie nakuomba kwa dhati ukifanye. Kifute kifaa. Ndio, kifute, kikiwa na kile kidogo peke yake, nenda kwenye mipangilio uchague kukirejesha kikiwa kipya, kizime, kiwashe, na safari hii uchague kurudisha ya zamani, kisha chukua karatasi yako na uingize maneno kwenye kifaa chenyewe, moja baada ya moja, kwa kutumia karatasi hiyo tu bila kumbukumbu ya kichwa. Neno la mwisho lina hesabu ya ukaguzi ndani yake kwa hivo ukiwa umeandika vibaya mara nyingi kifaa kitakwambia hapohapo hayakubaliki, lakini si mara zote, unaweza ukakosea na kikakubali kikakufungulia waleti nyengine tupu. Kwa hivo usiridhike mpaka ulione salio lako dogo limerudi, lilelile, kwenye adresi ileile.

Mie 2021 nilipofanya hivi mara ya kwanza kilikataa. Neno la 17 nililiruka, nikaandika la 18 mahali pake na mwisho nikabakiwa na 23, na karatasi ilikuwa na mistari 24 kwa sababu neno moja nililiandika mara mbili. Kama ningekuwa nimeshahamisha zote na kifaa kikaanguka, ningebaki na karatasi nzuri iliokunjwa vizuri ambayo haifungui chochote. Hasara yangu ilikuwa shilingi mia chache.

Likirudi salio, hamisha zilizobaki, kama ni nyingi zigawe mara mbili au tatu, na kila mara soma adresi kwenye kioo.

Halafu karatasi isiishie hapo, sisi tunaishi Mombasa. Mchwa wa hapa wanajua kabati la nyaraka kuliko wewe, hewa ya chumvi inavimbisha karatasi, na mvua za masika zikija kuna mitaa maji yanaingia mpaka kitandani. Karatasi ya risiti ile inayoprintiwa kwa joto usiiguse kabisa, kwa joto letu inafutika yenyewe. Chonga kwenye chuma. Nenda kwa mafundi wa jua kali ukatiwe kipande cha stenlesi, nunua ile mihuri ya chuma ya kugongea herufi, na ugonge mwenyewe nyumbani, fundi asiyaone maneno hata awe rafiki yako. Nasema stenlesi makusudi, usiletewe kipande cha aluminiamu kama ya sufuria, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na moto wa nyumba unaweza kupita hapo, stenlesi inakwenda mpaka karibu 1,400. Kumbuka unahitaji herufi nne tu kwa kila neno kwa hivo kazi si kubwa. Nakala mbili, nyumba mbili tofauti, na zote mbili uzijaribu.

Na baada ya haya yote watakuja. Mwaka 2020 Ledger ilivuja orodha ya wateja, zaidi ya watu 270,000 majina na simu na anwani za nyumbani, na mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa vizuri vimefungwa na barua inawaambia hamieni kwenye hiki kipya, vilikuwa vya wezi. Atakuja mwengine kwa Telegramu anajiita sapoti, mwengine atapiga simu kwa Kiswahili kisafi kabisa. Wote mwisho wa mazungumzo wanataka maneno 24. Hakuna kampuni, hakuna serikali, hakuna fundi mwenye sababu ya kuyajua. Ukiagiza siku nyengine, tumia sanduku la posta, si nyumba yako.

SWALI: Kaka habari. Nina duka la nguo Biashara Street, mzigo nauleta kutoka Guangzhou na wakala wangu kule namlipa kwa USDT, ile sarafu ya mtandaoni ya thamani ya dola, kwa netiweki ya Tron. Saa zote huwa nina kama dola elfu kadhaa kwenye simu. Nikisoma mambo yenu ya vifaa naona nami nihamishe, lakini nasikia netiweki zinachanganya na mtu anaweza kutuma zikapotea. Unanishaurije?

JIBU: Nzuri dada yangu. Kwa pesa ya mzigo, ile inayoingia Jumatatu na kutoka Ijumaa, mie singehamisha. Kifaa ni cha akiba. Pesa ya kuzunguka ukiiweka huko utakuwa unakitoa kabatini kila wiki, unakibeba mkobani, unakichomeka dukani wateja wakikuangalia, na hapo umepoteza ile faida yenyewe. Gawa: ya mzigo ibaki kwenye simu, iliozidi iende kwenye kifaa.

Netiweki iko hivi. USDT ni dola ileile lakini inapita njia tofauti, kama mtu anaekwenda kusini anapita feri na anaekwenda Nyali anapita daraja, huwezi kumngojea mtu wa feri pale darajani. Adresi za Tron zinaanza na T kubwa, za Ethereum zinaanza na 0x. Hizi mbili hazifanani kwa hivo ukikosea hapo mfumo utakukataa wenyewe. Tabu iko kwa 0x, kwa sababu Ethereum na BNB Smart Chain na Polygon na nyengine kadhaa zote zinatumia adresi ya sura hiyohiyo, ukichagua njia isiyo yake pesa zinaenda kweli, zinafika kweli, ila zimefika mahali ambapo huangalii. Kama adresi ni ya kifaa chako mwenyewe mara nyingi zinapatikana, unaongeza ile netiweki kwenye programu na unaziona. Kama ni adresi ya eksichenji isiyopokea njia hiyo, uko mikononi mwao.

Wewe baki na Tron kwa kuwa wakala wako ndio anayoitumia, na kabla hujapeleka USDT kwenye kifaa peleka kwanza TRX kidogo, ile sarafu ya Tron yenyewe. Hili watu hawaambiwi: USDT za Tron haziwezi kutoka bila TRX ya kulipia njia, utakuwa na dola elfu tatu unaziona na huwezi kutoa hata moja mpaka uitafute TRX, na siku hiyo ndio siku wakala anasema meli inaondoka.

Na kuna mwizi wa adresi zinazofanana. Anakutumia kitu kidogo sana kisicho na thamani kutoka adresi ambayo mwanzo na mwisho wake ni kama wa wakala wako, ili kesho ukienda kwenye historia ukopi, ukopi ya kwake. Usikopi adresi kutoka historia hata siku moja. Jengine la kujua ni kwamba kampuni ya Tether inayotoa USDT ina uwezo wa kuzifungia zikiwa kwenye adresi yoyote, kifaa hakizuii hilo, kwa hivo akiba ya miaka mingi sidhani USDT ndio pa kuiweka.

SWALI: Mambo mhariri. Niko Likoni. Kuna jamaa anauza haduwea waleti mtandaoni nusu bei, anasema ilikuwa zawadi na hajaitumia. Kwenye picha naona mna kadi ya kukwangua yenye maneno 24 tayari. Nichukue?

JIBU: Usichukue. Ile kadi ndio mtego wenyewe. Maneno yanazaliwa ndani ya kifaa mbele ya macho yako, hayaji yakiwa yameprintiwa, na yeyote aliekupa kadi ana nakala yake. Atangoja. Utatuma kidogo atakuacha, utaona mambo sawa utatuma zote, siku hiyo ndio atazichukua.

Najua utaniuliza, je nikikifuta nikaanza upya na maneno mapya? Bado sikushauri. Mwaka 2023 watu wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walifungua Trezor bandia, kwa nje huwezi kuitofautisha na ya kweli na inafanya kazi kama ya kweli, ndani chipu imebadilishwa, na maneno iliokuwa ikimpa mnunuzi mwizi alikuwa anayajua tangu mwanzo. Kadi angalau unaiona kwa macho. Chipu utaionaje? Bora usubiri miezi miwili mitatu uweke pesa pamoja uagize kwa mtengenezaji, na kwa muda huo kama una simu ya zamani inayofanya kazi, ifute yote, weka waleti ya programu ya kuaminika, maneno yake uyaandike kwa kalamu vilevile, na isitumike kwa kitu chengine chochote.

SWALI: Assalaam aleikum kaka yangu. Mimi ni mke wa baharia, naishi Kibokoni. Mume wangu anakaa baharini miezi tisa, na sehemu ya mshahara anaiweka kwenye Bitcoin. Ameniachia kifaa kabatini akaniambia likitokea la kutokea hiki ndio chetu na watoto. Lakini sijui pini, sijui kinawashwaje, na nikimuuliza maneno anasema nusu anayo yeye melini na nusu iko kwa kaka yake Malindi. Naogopa kuuliza sana asione namuombea mabaya.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Humuombei mabaya. Mume wako ametaka kukuachia amana na hajamaliza kuikabidhi, mwambie kwa maneno hayohayo, na kama ni vigumu mpe ukurasa huu asome.

Nikiongea nae yeye sasa. Shekhe, kugawanya maneno nusu kwa nusu naelewa umeifanya kwa ajili ya usalama, lakini imegeuka. Ukiwa na nakala moja nzima mahali pamoja, zitapotea pale mahali hapo pakiharibika. Ulivofanya wewe zitapotea melini pakiharibika au Malindi pakiharibika, umeziongezea njia za kupotea, na nusu moja ikienda na maji ile nusu nyengine haina kazi. Tena nusu moja umeipandisha meli. Nakala mbili nzima kwenye chuma, moja Kibokoni na moja Malindi kwenye kitu kilichofungwa kwa lakiri ili ijulikane kama kimefunguliwa, ingekuwa na nguvu zaidi. Kama humwamini kaka yako na nakala nzima basi itafutie pengine, lakini usimpe nusu. Na kama uliweka lile neno la ziada la siri juu ya 24, basi nalo liandikwe mahali, maana bila hilo maneno 24 yatafungua waleti tupu na familia itadhani ulitumia zote.

Kisha andika barua. Isiwe na maneno ya siri, iwe na maelezo: kifaa ni cha aina gani, programu gani, pini iko wapi, chuma kiko wapi, ni sarafu gani na takriban ni za lini. Barua hiyo akae nayo mkeo. Kwenye wasia taja kwamba mali hii ipo na nani anajua barua iliko, ili ihesabiwe kwenye mirathi kama shamba na nyumba, kwa mafungu yake. Maneno yenyewe yasiingie kwenye wasia, wasia unasomwa na watu wengi, unatolewa kopi, unapita mezani kwa makarani.

Na akirudi likizo, dada yangu, mkae siku moja mchana. Atoe salio kwenye kifaa alipeleke pengine kwa muda ibaki kidogo tu, kisha akifute mbele yako. Halafu yeye aondoke, aende barazani akanywe kahawa tungu, wewe ubaki chumbani na ile barua na chuma na kifaa peke yako, ukirudishe. Usimpigie simu kumuuliza. Ukikwama, andika kwa kalamu pale pale kwenye barua ni wapi umekwama, na hapo akirudi ndipo ataandika upya.